Kabla gia boksi haijashushwa

"Sili ya nyuma hiyo, bosi. Gia boksi ishuke." Hukumu ya namna hii hutolewa chini ya malori ya zamani hata kabla injini haijafutwa kwa tambara. Dereva ameona matone chini ya kasha la klachi, fundi amejipenyeza chini ya gari juu ya kipande cha boksi akatoka na kidole cheusi, na mwenye gari ameshaanza kupiga hesabu ya siku zitakazopita bila mzigo. Kwa Fuso au Canter inayosomba mahindi kwenda soko la Kibaigwa, msimu ukiwa umechanganya, hesabu hiyo inauma.

Sisemi sili ya nyuma ya injini haichoki. Inachoka. Mpira wake hukauka kwa joto la miaka, ukakakamaa, mdomo ukashindwa kuishika shafti. Lakini oili haidondoki pale inapotokea. Huchuruzika kwa kufuata ukuta wa injini, feni na upepo wa safari vikaisukuma nyuma, mwishowe ikaangukia penye tundu. Tapeti kava inayovuja kwenye kona yake ya nyuma humwaga oili palepale ambapo sili mbovu ingeimwaga. Na kwenye malori ambayo kabini imekaa juu ya injini, kona hiyo haionekani mpaka kabini iinuliwe. Kuinua kabini maana yake ni kutoa kwanza magodoro, madumu, jiko na sufuria za utingo. Kulala chini na tochi ni rahisi zaidi. Nashuku gia boksi nyingi zimeshushwa kwa sababu ya uvivu huo tu.

Kazi yenyewe huanza na kuosha. Injini ikiwa imepoa, altaneta, stata na mdomo wa kuvutia hewa vikiwa vimefunikwa kwa nailoni, brashi na dizeli kidogo hulainisha utando wa zamani, kisha sabuni ya unga na maji humaliza. Chini pawe na karai la kukinga machafu hayo. Mji wa Dodoma umetegemea visima vya Makutupora kwa miongo mingi, na sioni sababu ya kuinywesha ardhi ileile oili chafu. Wako wanaoitaka, maana miti ya uzio ikipakwa oili hiyo mchwa huisogelea kwa taabu.

Injini ikikauka iwashwe, ipate joto, kisha itazamwe kuanzia juu kushuka. Sehemu ya juu kabisa yenye unyevu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Oili ikijificha, poda ya mtoto inasaidia: inapulizwa nyepesi kwenye maungio yaliyosafishwa, na mstari wa kwanza kulowa huonekana wazi kwenye weupe ule. Wakati wa kiangazi uwanda huu wenyewe hutoa poda ya bure. Vumbi lililoganda na kuwa gamba nene ni dalili ya uvujaji wa miaka. Penye mng'ao mweusi usio na gamba, oili inapita sasa hivi.

Ni vizuri pia kuhakikisha kinachovuja ni oili ya injini. Ya gia boksi ni nzito na hunuka salfa. Dizeli inayovuja kwenye pampu huosha uchafu na kuteremka nao, ikaonekana kama oili. Dizeli ikiingia ndani ya injini, alama kwenye kijiti cha kupimia hupanda badala ya kushuka. Hapo kinachohitajika ni kuzima injini, maana oili iliyozimuliwa hailindi beringi.

Jambo ambalo gereji nyingi hulipita haraka ni presha ndani ya injini. Bomba la kupumulia, yaani briza, likiziba, gesi inayopenya kwenye ringi hukosa njia na kusukuma oili popote palipo dhaifu. Fundi anabadili sili, wiki chache baadaye inavuja tena, na lawama zinaangukia duka la spea kwamba limeuza feki. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu. Pumzi ndogo ni kawaida. Ikitema moshi kwa nguvu, na briza ni safi, basi ringi na silivu zimelika.

Katikati ya Tanzania, vumbi liko juu kwenye orodha ya vinavyozila. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018, na malori yanayovuja leo mengi yalishapita njia hiyo ikiwa ya vumbi. Hata sasa mzigo hupakiwa vijijini, kwenye njia za mchanga. Kichujio cha hewa hutolewa, kikapigwapigwa kwenye tairi, kikarudishwa kikiwa na tundu lisiloonekana. Mchanga unaopita hapo husugua silinda kila safari. Pale Kongwa, Waingereza walioanzisha mradi wa karanga mwaka 1947 kwa matrekta ya masalia ya vita waliona zana zao zikilika upesi kwenye udongo huu mkali. Mradi uliachwa 1951, baada ya kumeza makumi ya mamilioni ya pauni.

Chanzo kikijulikana, dawa yake mara nyingi ni ndogo. Swichi ya presha ya oili hufunguliwa kwa spana moja. Washa ya shaba ya nati ya kumwagia oili ni ya kubadilisha, si ya kugeuza upande. Tapeti kava ya bati iliyopindwa na mikono yenye nguvu inyooshwe kwanza juu ya kitu bapa, ndipo gasketi mpya ikae, bolti zikazwe kidogo kidogo kutoka katikati kwenda pembeni. Silikoni ipakwe kwa uchoyo. Inayofinyangwa kama ugali hukatika ndani, ikaziba chujio la sampu, na injini ikafa njaa ya oili huku nje ikiwa kavu kabisa.

Na kama kweli ni sili ya nyuma, shafti ipimwe kwa ukucha. Ikiwa na mfereji, sili mpya isikae palepale pa zamani. Kazi hii haifai kuahirishwa ikiwa oili imeshafika kwenye sahani ya klachi, maana klachi ya lori lenye mzigo itateleza katikati ya mlima wa Nyang'oro au Sekenke. Uvujaji unaodondokea egzosi au turbo usisubiri hata siku moja. Huo ni moto. Jasho jembamba kwenye ubavu wa injini iliyozeeka mimi ningeliacha, mradi dereva anapima oili kila asubuhi, gari likiwa tambarare.

Baada ya matengenezo lori lipewe safari yenye mzigo, maana joto na presha vya injini inayounguruma tupu gereji havitoshi kuijaribu gasketi. Dodoma hadi Kibaigwa na kurudi panatosha. Likirudi, kabini iinuliwe tena, na tochi ianzie juu.