Gamba Jeupe Birikani: Maji Magumu, Vyombo vya Nyumbani na Afya ya Kaya

Katika kaya nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki, hasa zile zinazotegemea visima, birika huota gamba jeupe muda mfupi tu baada ya kununuliwa. Wapo wanaoliogopa gamba hilo wakidhani ndilo litakalogeuka mawe ndani ya figo. Wapo pia wanaoamini kuwa birika lisilo na gamba ni ushahidi wa maji salama. Dhana zote mbili hazina msingi, na hiyo ya pili ndiyo yenye hatari zaidi.

Chanzo cha ugumu

Maji ya mvua yanapopenya ardhini hukusanya hewa ya ukaa kutoka kwenye udongo, yakawa asidi dhaifu. Yakikutana na mwamba wa chokaa, kama ule wa matumbawe unaopatikana Unguja na sehemu nyingi za pwani, huuyeyusha kidogo kidogo na kubeba madini ya kalsiamu na magnesiamu. Madini hayo ndiyo yanayoyafanya maji yaitwe magumu. Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja. Kwa mgawanyo unaotumika sana, maji yasiyozidi miligramu 60 ni laini, 61 hadi 120 yana ugumu wa wastani, 121 hadi 180 ni magumu, na yanayozidi 180 ni magumu sana.

Ugumu una sura mbili. Ule wa muda hutokana na bikaboneti: maji yakipashwa moto, hewa ya ukaa hutoka na kalsiamu kaboneti hujitenga ikiwa chokaa ngumu. Ule wa kudumu hutokana na salfeti na kloridi, nao hauondoki kwa kuchemsha. Ndiyo maana gamba hushamiri mahali penye moto, ilhali tangi la maji baridi la nyumba hiyo hiyo laweza kuwa na utando mwembamba tu.

Madhara kwa vyombo

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita, yakipita kwenye hita kwa kiasi cha lita 100 kila siku, hubeba gramu 30 za madini kwa siku, yaani karibu kilo 11 kwa mwaka. Hata ikiwa sehemu moja tu ya kumi itang'ang'ania ndani, hita hubaki na zaidi ya kilo moja ya mawe.

Gamba hilo halipitishi joto vizuri kama chuma. Koili iliyofunikwa hushindwa kupeleka joto lake majini, hivyo hupata moto kupita kiasi na hatimaye hukatika. Katika mabomba ya maji moto, gamba hujijenga kuanzia ukutani kuelekea katikati. Kipenyo kikipungua kwa nusu, nafasi ya kupitisha maji hubaki robo tu. Matundu ya bomba la mvua huziba, pasi ya mvuke hutema vipande vyeupe juu ya nguo, na koki huanza kuvuja kwa kuwa haziwezi tena kufunga sawasawa. Sabuni ya mche nayo huungana na kalsiamu ikawa utando wa kijivu badala ya povu, na mfuaji hulazimika kutumia sabuni nyingi zaidi.

Hatari kubwa zaidi imo katika valvu ya usalama ya hita. Kazi yake ni kutoa shinikizo linapozidi. Ikigandishwa na chokaa, haiwezi kufunguka. Inafaa fundi aikague kila anapoisafisha hita.

Namna ya kukabiliana nayo

Chokaa huyeyuka katika asidi. Siki au maji ya ndimu yakiachwa birikani kwa saa chache, gamba hutoa mapovu na kulegea. Kisha birika huoshwa na maji ya kwanza kuchemshwa humwagwa. Kamwe siki au asidi nyingine isichanganywe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayodhuru mapafu.

Kushusha joto la hita hupunguza gamba, lakini kuna mpaka. Bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, hustawi katika maji ya uvuguvugu, na gamba huwapa maficho. Maji ya hita yenye tangi hupaswa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 60 za Selsiasi, na kuchanganywa na ya baridi wakati wa kuoga ili yasimwunguze mtu.

Mitambo ya kulainisha maji hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huacha takriban miligramu 46 za sodiamu. Hivyo maji ya 300 yakilainishwa yote huwa na nyongeza ya 138 katika kila lita. Kwa mgonjwa aliyeelekezwa kupunguza chumvi, au kwa maziwa ya kopo ya mtoto mchanga, ni busara kubakiza bomba moja la jikoni lisilopitia mtambo huo.

Je, gamba lina madhara mwilini?

Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha juu cha ugumu kwa sababu za kiafya. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji, na haijathibitishwa kuwa maji magumu ndiyo yanayosababisha mawe kwenye figo. Anayekunywa maji kidogo kwa kuogopa gamba hujiongezea hatari hiyo, kwa sababu mkojo mzito ndio unaorahisisha mawe kujengeka. Kuhusu ngozi, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 kwa watoto 336 wenye ukurutu haukuona nafuu ya ziada kutokana na mitambo ya kulainisha maji.

Kwa upande mwingine, birika safi halithibitishi lolote. Vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho wala haviachi gamba. Kuhusu floridi, maji mengi yenye madini hayo kwa wingi, kama yale ya maeneo yanayozunguka Mlima Meru, huwa na kalsiamu kidogo. Huko birika laweza kung'aa huku meno na mifupa ya watoto ikidhurika, na kuchemsha hakuiondoi floridi, bali huizidisha maji yanapopungua. Gamba hueleza habari za mwamba ambako maji yamepita. Kuhusu usalama wake, jibu hutolewa na kipimo cha maabara ya ubora wa maji, nacho chafaa kufanywa kabla kisima kipya hakijaanza kutumiwa na kaya.