Mbunge wa Bumbuli mbele ya mataifa

Kutoka Mombo barabara hupanda kwa kona nyingi hadi Soni. Hapo njia hugawanyika: moja huenda Lushoto mjini, nyingine Bumbuli. Jimbo hilo la Bumbuli ndilo lililompeleka January Makamba bungeni mwaka 2010, baada ya kumshinda Mzee William Shellukindo katika kura za maoni za CCM. Miaka 13 baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje, msemaji wa Tanzania mbele ya mataifa. Tumeona vema tuipime safari hiyo kwa macho ya waliobaki mlimani.

Jina lilimtangulia, hilo halifichiki. Baba yake, Mzee Yusuf Makamba, alikuwa Katibu Mkuu wa CCM. Hata hivyo kijana hakuingia bungeni mikono mitupu: alikwisha kufanya kazi Wizara ya Mambo ya Nje na kuwa msaidizi wa Rais Jakaya Kikwete. Mwaka 2015, akiwa na miaka 41, alifika katika watano wa mwisho waliowania kuteuliwa na CCM kugombea urais. Akapewa uwaziri wa Muungano na Mazingira. Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na mwezi uliofuata yeye mwenyewe akaondolewa. Alirudi mwaka 2021 katika Nishati, akapelekwa Mambo ya Nje Agosti 2023, akaondolewa tena Julai 2024. Julai, yaelekea, si mwezi wake.

Huko Mambo ya Nje hakutimiza mwaka, lakini kipindi hicho kina jambo la kukumbukwa Usambara. Lushoto ya leo ndiyo Wilhelmstal ya Wajerumani, iliyopewa jina la Kaizari wao. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha kwa waliyotendewa babu zetu katika Vita vya Maji Maji. Waziri wa Mambo ya Nje wa taifa lililoombwa msamaha alikuwa mbunge wa milima hiyo hiyo ya Wilhelmstal. Wazee wa Vuga waliotawaliwa na Wajerumani wasingeliota.

Lakini mkulima wa chai haulizi mbunge wake ameketi meza gani. Kiwanda cha Mponde kilisimama mwaka 2013 katika mgogoro wa wakulima na mwekezaji. Jani bichi halisubiri. Likikawia baada ya kuchumwa huharibika, na asiye na kiwanda karibu shamba lake humgeukia kichaka. Makamba alilisemea jambo hilo, nasi hatumnyimi haki yake. Hata hivyo kiwanda kilikaa kimya miaka mingi, mbunge akiwa naibu waziri, kisha waziri. Cheo humvuta mtu mbali na jimbo, tena humfunga ulimi, kwani waziri hawezi kuisuta hadharani serikali anayoitumikia. Hapo ndipo tunapoona ugumu wa umaarufu wa namna hii, wala si kwa Bumbuli peke yake.

Mwaka 2025 chama hakikumteua tena kugombea. Miaka 15 Bumbuli ilizoea kumsoma mbunge wake magazetini. Atakayeketi katika kiti hicho ataulizwa kwanza bei ya jani bichi.