Shuka hadi nyumbani kwa mfinyanzi

Jumapili ya leo fungua kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 18. Mungu ana neno la kumwambia nabii wake, lakini halisemi palepale. Anamwagiza kwanza ashuke hadi nyumbani kwa mfinyanzi, na huko ndiko atakakomsikilizisha. Yeremia anashuka. Anamkuta fundi kwenye gurudumu, na mbele ya macho yake chombo kinaharibika mkononi mwa fundi. Udongo hautupwi. Fundi anaufinyanga tena, anatengeneza chombo kingine.

Tumehubiriwa sana juu ya udongo na mfinyanzi. Leo naomba tuitazame safari yenyewe. Katika sura inayofuata, ya 19, Mungu atamtuma Yeremia kununua gudulia la udongo, chombo kilichokwisha kazi. Lakini kabla ya kununua, alitakiwa kwanza amwone fundi akihangaika. Sisi wengi tunaanzia sura ya 19. Tunaona picha ukutani, kinyago mezani, tunauliza bei. Mahali kilipofanyiwa kazi hatupajui, na hatuoni shida kutopajua.

Wenzetu wa Ulaya wameifanya safari hiyo kuwa desturi. Mjini Amsterdam, Uholanzi, ipo nyumba ambayo mchoraji Rembrandt aliinunua mwaka 1639. Aliishi na kuchora humo kwa miaka mingi, hadi madeni yakamzidi. Alipofilisika mwaka 1656, mali zake ziliandikwa chumba kwa chumba ili wadai wapate chao. Tangu mwaka 1911 nyumba ile ni makumbusho, na orodha hiyo ya aibu ndiyo iliyosaidia kuvirudishia vyumba sura yake ya zamani. (Kumbe hata karatasi ya madeni huweza kuja kuwa baraka.) Siku hizi wasanii walio hai hualikwa kuonyesha kazi zao mpya humohumo, na mgeni akitoka chumba hiki kuingia kile anawaona marehemu na walio hai chini ya paa moja.

Sisi wa Kibamba hatuhitaji nauli ya ndege. Ipo karakana ya namna hiyo Oysterbay, katika Barabara ya Haile Selassie, mahali panapoitwa Morogoro Stores. Usichanganye na Barabara ya Morogoro tunayoikimbilia kila alfajiri. Hapa ni upande wa baharini, kwenye nyumba za mabalozi. Ndipo Edward Saidi Tingatinga alipouza picha zake. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta riziki kwa vibarua vya aina mbalimbali. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za dukani za wachoraji. Alichukua hadibodi na rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli, akachora chui, ndege na tembo, kila mmoja peke yake, macho yake yakikutazama wewe.

Alipata miaka minne tu ya kuchora. Mwaka 1972 gari alilokuwamo lilidhaniwa kuwa la wezi, polisi wakafyatua risasi, naye akafa. Kwa hesabu ya kibinadamu habari ingeishia hapo. Lakini alikuwa amewafundisha vijana, wengi wao ndugu na jamaa, na hao wakaendelea kuchora. Mwaka 1990 ukaanzishwa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, ambao hadi leo uko palepale Morogoro Stores. Ukifika utawakuta wamekaa, kopo la rangi pembeni, na picha za jana zimetundikwa juu ya vichwa vyao. Maonyesho na karakana ni kitu kimoja. Soma Kutoka 35:34 utaona jambo linalofanana nalo: Bezaleli, fundi wa hema la kukutania, hakupewa ustadi wa mikono peke yake. Alipewa pia moyo wa kuwafundisha wengine.

Najua utakachoniambia. Utasema zile ni picha za watalii, twiga haohao na Mlima Kilimanjaro uleule, kila kibanda. Nakubaliana nawe kwa sehemu. Anayerudia picha moja mara mia kwa sababu mzungu ameipenda amechoka kabla ya kuanza, na mteja ndiye aliyemchosha. Hata hivyo, tuwe waangalifu na neno hilo "watalii". Kule Nazareti waliijua karakana ya Yesu. Katika Marko 6 wanamwita seremala, mwana wa Mariamu, na kwa kuwa waliijua kazi yake na ndugu zake, wakajikwaa kwake. Yeremia aliingia karakanani akatoka na neno la Mungu. Watu wa Nazareti walipita mbele ya karakana kila siku, wakatoka na dharau. Ukaribu haukuwasaidia.

Na karakana hazidumu. Mwaka uleule wa 1972 aliofariki Tingatinga, Sista Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll kutoka Marekani, alianzisha Nyumba ya Sanaa hapa jijini ili vijana wenye vipaji wapate mahali pa kufanyia kazi na kuuzia. Mmoja wa walioajiriwa hapo alikuwa mlinzi, Mmakonde kutoka upande wa Masasi, jina lake George Lilanga. Mlinzi yule akaanza kuchonga na kuchora mashetani wake wa kuchekesha, wenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Alifariki mwaka 2005, akiwa na jina duniani kuliko mtaani kwake. Nyumba ya Sanaa ile, pale katikati ya mji, haipo tena kama ilivyokuwa.

Wewe wa Kibamba unaelewa hilo bila kuelezwa. Mwaka 2017, barabara ilipopanuliwa kutoka Kimara kwenda Kiluvya, nyumba zilivunjwa, na mabanda ya mafundi wa vitanda na milango yakaenda nazo. Barabara tuliihitaji, na leo tunaipita. Lakini fundi akihamishwa, si banda tu linalopotea. Kijana aliyekuwa akisimama mlangoni baada ya shule kumtazama akipiga randa, naye anakosa pa kusimama.

Kanisa nalo lina sehemu yake hapa. Mtanzania mwenzetu Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora kuta za kanisa la Anglikana Murang'a, Kenya, mwaka 1959. Ni picha tano: kuzaliwa kwa Bwana, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba, zote zikiwa na watu na vilima vya Kikuyu. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, majeraha yakiwa bado mabichi. Fikiria usharika uliomruhusu mchoraji kijana kumweka Yesu katikati ya mashamba yao katika miaka kama hiyo. Baadaye, mwaka 1965, Njau na wenzake walianzisha Nairobi kituo cha Paa ya Paa, yaani yule mnyama paa anayepaa. Moto ulikiteketeza kwa sehemu kubwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Yeye na mkewe wakaendelea kupokea wasanii penye majivu.

Makanisa yetu ya pembezoni yanajengwa kwa kasi, na ukuta wa madhabahuni mara nyingi hupata bango la kuchapisha, Yesu mwenye nywele za dhahabu, limeagizwa Kariakoo. Sina ugomvi na Kariakoo. Nauliza tu ni kamati gani ya ujenzi, kati ya Kibamba na Kiluvya, iliyowahi kumwita mchoraji wa mtaani na kumpa ukuta.

Kama utakwenda Oysterbay, nenda Jumamosi, wachoraji wakiwa kazini. Kutoka Kimara panda mwendokasi ya Morocco, na kutoka hapo bajaji haichukui muda. Mchukue yule mtoto anayechapwa kwa kuchora nyuma ya daftari la hisabati. Usianze kwa bei. Kaeni kidogo mtazame, rangi zile zinachelewa kukauka. Kisha mwombe fundi akuonyeshe picha iliyomharibikia wiki hii, na umuulize ameifanya nini.