Moshi Usio na Moto Ziwa Nyasa

Mgeni akiuona moshi huu kwa mara ya kwanza huuliza nani anachoma nyasi huko majini. Nami niliuliza hivyo hivyo, nimesimama kwenye mchanga wa Matema, Kyela, asubuhi na mapema, Milima ya Livingstone ikiwa bado nyeusi upande wangu wa kushoto. Nguzo ya moshi ilikuwa imesimama juu ya ziwa, nyembamba kiunoni, pana kichwani. Mbali zaidi kulikuwa na nyingine. Mvuvi aliyekuwa akitandua nyavu hakugeuza hata shingo.

"Wadudu hao, kaka. Omba upepo usije huku."

Upepo ulikuja. Kufikia jioni walikuwa kwenye chai, kwenye nywele, kwenye masikio. Mama mwenye nyumba nilikofikia alifunika sufuria ya wali kwa kanga, akazima taa ya barazani, akaniambia, "Mwanangu, ukiongea, ziba mdomo kwa kiganja." Asubuhi aliwafagia kwa fagio la chelewa, rundo zima, na kuku wakapata sikukuu.

Watu huja Kyela kwa mchele wake, kwa samaki wake aitwaye mbasa, kwa vyungu vya Wakisi vinavyoletwa kwa mitumbwi hadi sokoni Lyulilo. Hivyo vyote vinapigwa picha. Wadudu hawa hupigwa dawa.

Nilimwacha mmoja atue kwenye daftari. Ukimtazama haraka utaapa ni mbu: miguu mirefu, mwili mwembamba. Ila mdomo wake hauna sindano ya kutoboa ngozi. Haumi, hanyonyi damu, haleti malaria. Huyu wangu alikuwa dume, maana vipapasio vyake vilichanua pande zote kama unyoya wa kifaranga, na kila nilipopumua vilitikisika. Mabawa yalikuwa membamba kiasi kwamba mistari ya daftari ilionekana chini yake. Nilimtazama mpaka chai ikapoa.

Wataalamu humwita Chaoborus edulis, na hilo neno la pili maana yake ni "anayelika". Kabla ya kuruka huishi majini akiwa kiluwiluwi kinachoonyesha kama kioo, chenye vifuko vidogo vya hewa vya kumsaidia kuelea. Mchana hushuka hadi zaidi ya mita 200, kwenye maji yasiyo na oksijeni, ambako samaki wa kumfukuza hawezi kukaa. Usiku hupanda karibu na uso wa ziwa kuwinda vijidudu vya majini, kisha hurudi gizani kabla hakujakucha. Safari hiyo huirudia usiku baada ya usiku, na yeye mwenyewe ni mdogo kabisa. Siku yake ikifika huvua ngozi juu ya maji, hupata mabawa, na huungana na wenzake wasiohesabika kutafuta mwenza. Ule moshi, kwa hiyo, ni harusi. Siku chache tu baadaye wote wamekufa.

Wenzetu wa Malawi humwita nkhungu, yaani ukungu, na tangu zamani watu wa ziwa hili humkamata, humkandamiza na kumfanya mkate. David Livingstone, aliyepita ufuo wa magharibi mwaka 1861, aliuonja. Katika kitabu chake cha 1865 aliufananisha na mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi, au nzige wa chumvi. Kwa Mskoti aliyelelewa kwa uji wa shayiri, nadhani hiyo ni sifa.

Hata wasomi waliwahi kumchukia mdudu huyu. Miaka ya 1980 ilidaiwa kwamba anakula chakula ambacho kingenenepesha samaki, kisha anaruka nacho hewani, hasara tupu. Likaja pendekezo la kupandikiza humu dagaa wa Tanganyika ili wamle. Utafiti wa miaka ya 1990 ukaonyesha kwamba wadudu si wengi kama ilivyodhaniwa, na kwamba samaki wa Nyasa wenyewe, hasa wale wa kina kirefu, wanawala tayari. Wazo likawekwa kando. Nashukuru. Tumeshaona Ziwa Victoria lilivyofanywa na sangara aliyepandikizwa.

Asubuhi ya kuondoka niliiona nguzo tena, mbali, jua likiipiga ubavuni. Ilikuwa na rangi ya asali. Dereva wa bodaboda aliniuliza kama twende au bado natazama uchafu.

Ukifika Matema ukauona moshi huo, usikimbilie kopo la dawa. Zima taa ya nje, funika chakula, toka utazame. Ila usiku lala ndani ya chandarua. Mbu anayeuma naye yupo Kyela, na huyo hajitangazi kwa moshi.