KUOZA KWA MIIMO YA MILANGO

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama vile Kaloleni iliyojengwa katika miaka ya 1940, miimo mingi ya milango huoza upande wa chini. Mwimo uliooza haushiki skurubu za bawaba wala kitasa, na mwizi huweza kuufungua mlango kwa teke moja. Lakini si lazima kununua fremu mpya; fundi aweza kukata sehemu mbovu tu na kuunga nyingine.

Maji peke yake hayaozeshi ubao. Mharibifu ni kuvu, nayo haiwezi kuula ubao ambao maji yake hayafiki sehemu 20 kwa 100 za uzito wake mkavu. Maji ya mvua na ya kuoshea sakafu hunyonywa na ncha ya chini ya mwimo, na rangi iliyopakwa juu huyazuia yasitoke. Hata mashua za faiba hupatwa na jambo hili: maji hupenya katika tundu za skurubu, na ubao wa tezi, unaobeba mashine, ukaoza ndani huku nje ukionekana mzima.

Mambo ya kufuata ni haya:

1. Chokoa mwimo kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, pana uozo.

2. Tafuta maji yatokako, uyazuie kwanza. Bila hivyo kazi yote ni bure.

3. Tegemeza mlango, kisha kata mwimo kwa mshazari, inchi chache juu ya mwisho wa uozo, mpaka ubao mzima. Mkato uinamie nje, ili maji yateremke.

4. Acha ubao uliobaki ukauke kabisa. Kufunika ubao mbichi ni kuifungia kuvu ndani.

5. Chonga kipande kipya cha ubao mkavu. Mtarakwa hukawia kuoza, ndiyo maana wakulima huutumia kwa nguzo za ua.

6. Paka ncha zote dawa ya mbao, isipokuwa mahali pa kuungia. Hapo tia gundi isiyoyeyuka kwa maji, na kaza kwa skurubu zisizoshika kutu.

7. Kipande kisiguse sakafu. Acha nafasi ndogo. Mwisho paka rangi pande zote.

Wakati ufaao ni kiangazi cha Januari na Februari, kabla ya masika kuanza mwezi Machi. Mpangaji na amwarifu mwenye nyumba kabla ya kukata. Usiba ufa, usije ukajenga ukuta.