Kwa nini kifo cha simba Mohawk kiliwagawanya Wakenya

KUUAWA kwa simba Mohawk mnamo Machi 30, 2016 kuliibua hasira miongoni mwa Wakenya wengi, hasa wakazi wa mijini. Simba huyo wa miaka 13 alikuwa ametoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi na kufika Isinya, Kaunti ya Kajiado. Umati ulimzingira, akamjeruhi mwanamume mmoja, kisha askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wakampiga risasi.

Walioghadhabika waliuliza ni kwa nini hakudungwa dawa ya usingizi. Hata hivyo, kazi hiyo huhitaji daktari wa wanyama na vifaa maalum, nayo dawa huchukua dakika kadhaa kabla ya kumlemea mnyama. Katika muda huo, simba aliyechokozwa na umati anaweza kuua.

Wafugaji nao walikuwa na lao la kusema. Mbuga hiyo, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, imezungushiwa ua pande tatu pekee. Upande wa kusini uliachwa wazi ili wanyama wahamie malishoni. Nyanda hizo sasa zinazidi kujaa nyumba. Mnamo Juni 2012, wakazi wa Kitengela waliwaua simba sita waliokuwa wamevamia mifugo yao.

Simba ni fahari kwa anayemtazama akiwa ndani ya gari, lakini ni hasara kwa anayelala kando ya zizi. Pasipo fidia ya haraka kwa mfugaji, na pasipo umati kudhibitiwa mapema, risasi itazidi kuwa jibu.