Kuganda kwa damu mapafuni: Hatari haiishi siku ya kutoka hospitali

BONGE la damu linapoziba mshipa wa mapafu, ndugu na jamaa hukaa roho mkononi hadi mgonjwa apate nafuu. Akisharuhusiwa kurudi nyumbani, wengi huamini kuwa yamekwisha. Hata hivyo, miezi inayofuata ndiyo huamua iwapo atarejea katika hali yake ya kawaida, atapatwa tena na tatizo hilo, au atabaki na maradhi ya kudumu.

Mara nyingi bonge hilo huanzia katika mishipa ya ndani ya mguu, hasa baada ya upasuaji, kujifungua, au kulala kitandani kwa siku nyingi. Likimeguka, husafiri na damu kupitia moyo na kukwama katika mishipa ipelekayo damu mapafuni.

Kwa nini dawa ni za muda mrefu?

Dawa za kuzuia damu kuganda haziyeyushi bonge lililokwishajengeka. Kazi yake ni kulizuia lisikue na kuzuia mengine yasijitokeze, wakati mwili wenyewe ukiliondoa taratibu. Kwa sababu hiyo hutumiwa kwa muda usiopungua miezi 3, hata kama mgonjwa anajisikia mzima.

Iwapo chanzo kinajulikana na kimekwisha, kama vile upasuaji, daktari anaweza kuzisitisha baada ya muda huo. Lakini kwa mgonjwa ambaye chanzo hakikuonekana, takriban asilimia 10 hupatwa tena katika mwaka wa kwanza baada ya kuacha dawa. Huyu, pamoja na mwenye saratani, huweza kushauriwa kuendelea nazo kwa muda mrefu zaidi.

Mchezaji tenisi maarufu wa Marekani, Serena Williams, alipatwa na tatizo hili mwaka 2011, likamrudia Septemba 2017 mara baada ya kujifungua kwa upasuaji. Alipewa dawa za kuzuia damu kuganda, lakini akavuja damu tumboni na kulazimika kurudi chumba cha upasuaji. Mkasa huo unaonyesha pande zote mbili: bonge linaweza kurudi, na dawa yenyewe inahitaji uangalizi.

Tahadhari kwa anayetumia dawa

Anayetumia warfarini hupimwa damu mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR, ambacho kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu huweza kuganda tena. Kikipanda sana, huweza kuvuja. Mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mgonjwa hakatazwi kuzila, bali ale kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki.

Hatari nyingine imo katika duka la dawa la mtaani. Asipirini, ibuprofeni na metronidazoli zinaweza kuongeza uwezekano wa kuvuja damu, ilhali rifampisini, itumikayo kutibu kifua kikuu, hupunguza nguvu ya warfarini. Dawa za mitishamba nazo zisitumiwe kabla ya kumuuliza daktari.

Dawa mpya, kama rivaroksabani na apiksabani, hazihitaji kipimo cha INR, na mwaka 2019 kundi hilo liliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo, nguvu yake huisha haraka, hivyo kuruka dozi ni hatari.

Kinyesi cheusi, mkojo wenye damu, kutapika damu, maumivu makali ya ghafla ya kichwa au kujigonga kichwani ni mambo ya kumpeleka mgonjwa hospitali bila kuchelewa.

Pumzi ikiendelea kukatika

Mgonjwa anayehema kwa shida akipanda ngazi, miezi 3 baada ya matibabu kuanza, asidhani ni uchovu tu. Kwa wagonjwa wachache, wanaokadiriwa kuwa asilimia 2 hadi 4, mabaki ya bonge hugeuka makovu, shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu hupanda, na upande wa kulia wa moyo huelemewa. Uchunguzi huanza kwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Baadhi yao huweza kutibiwa kwa upasuaji wa kuondoa makovu hayo. Mguu ulioanzisha tatizo nao huweza kubaki na uvimbe, uzito au vidonda.

Wanawake wamweleze daktari mapema iwapo wanatarajia kupata ujauzito, kwa kuwa warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni, na sindano za heparini hutumika badala yake. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo kwa kawaida huepukwa.

Kabla ya kutoka hospitali, mgonjwa na familia yake waulize mambo matatu: dawa itatumika hadi lini, kliniki inayofuata ni lini, na dalili zipi ziwarudishe haraka. Na asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, hata akijisikia amepona kabisa.